Mwacheni Cass Aimbe

Kila ninapomtaja Cass Elliot mbele ya watu wanaojigamba kujua muziki wa zamani, hakosekani wa kuuliza: "Si yule bonge aliyekabwa na sandwichi?" Mara ya mwisho aliyeuliza ni rafiki yangu, ndani ya daladala, nikiwa nimempa upande mmoja wa hedifoni asikilize "California Dreamin'". Wimbo haukuwa umefika hata dakika moja. Akacheka, akanirudishia hedifoni, tukahamia kwenye habari nyingine.

Hakukabwa na sandwichi. Tuanzie hapo, kwa sababu hili si suala la maoni. Cass Elliot alifariki London tarehe 29 Julai 1974, akiwa na miaka 32, siku mbili tu baada ya kumaliza maonyesho ya wiki mbili katika ukumbi wa London Palladium, ambako watazamaji walisimama kumpigia makofi. Alikutwa kitandani. Daktari wa kwanza kufika aliona sandwichi karibu naye, akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda ndiyo iliyomkaba. Uchunguzi wa maiti uliofuata haukukuta chakula chochote kwenye njia ya hewa. Ulichokuta ni moyo ulioshindwa kufanya kazi. Miaka mingi baadaye mwandishi wa habari Sue Cameron alieleza hadharani kwamba yeye aliiandika habari ya sandwichi kwa ombi la Allan Carr, meneja wa Cass. Carr aliogopa kwamba pengine chanzo cha kifo kilikuwa dawa za kulevya, na kwa hesabu zake sandwichi ilikuwa aibu ndogo zaidi.

Hebu lifikirie hilo. Mtu aliyelipwa kulinda jina lake aliona kwamba, kwa mwanamke mnene, kufa huku anakula ni hadithi ambayo hakuna atakayeitilia shaka. Hakukosea. Nusu karne imepita na bado inasimuliwa ndani ya daladala huku kwetu, na watu ambao hawajawahi kusikiliza hata wimbo wake mmoja mpaka mwisho.

Ninachodai ni hiki. Hadithi ile si umbea mdogo uliokaa pembeni ya muziki mzuri. Imekaa mbele ya muziki wenyewe. Imewanyima watu nafasi ya kusikia moja ya sauti bora zilizorekodiwa miaka ya sitini, na inaendelea kuwafanyia hivyohivyo wanawake wengine wasio na majina wala santuri. Mmoja wao ni mimi, na nitafika huko.

The Mamas & the Papas walikuwa watu wanne. John Phillips alikuwa mtunzi na mpangaji wa sauti. Michelle alikuwa mke wake. Denny Doherty alikuwa Mkanada kutoka Halifax. Na Cass alizaliwa Baltimore mwaka 1941, jina lake la kuzaliwa Ellen Naomi Cohen. Wote walilelewa na muziki wa folku, ule wa gitaa moja na vikundi vidogo vya waimbaji kwenye mikahawa ya New York. Umaarufu wao haukudumu. "California Dreamin'" ilitoka Desemba 1965, na kufikia 1968 kundi lilikuwa limesambaratika. Katikati hapo kuna albamu nne, mapenzi ya siri ndani ya kundi, Michelle kufukuzwa na kurudishwa mwaka 1966, dawa za kulevya na ugomvi. Ukiutaka udaku huo utaupata kokote. Mimi nataka tuzungumzie sauti.

Niliwasikia mara ya kwanza kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, naimba sauti ya pili. Siku hiyo mwalimu wetu alikuwa amechoka na sisi. Sauti ya kwanza walikuwa wanapiga kelele, besi wanavuta nyuma, na sisi sauti ya pili, kila tukifika pagumu, tulikuwa tunaiacha njia yetu na kukimbilia kwa sauti ya kwanza. Akaunganisha simu yake na spika, akasema, "Nyamazeni. Sikilizeni watu wanne ambao kila mmoja anajua pake."

Gitaa likaanza peke yake. Kisha Denny akaanza mstari, na kabla hajapumua wenzake wakaudaka na kuurudia nyuma yake. Mwalimu akasimamisha. "Hiyo ni nini?" Kimya. "Ni kuitikiana. Bibi zenu wanaijua kuliko hawa." Akaendeleza. Katikati ya wimbo ikaingia filimbi, ile kubwa yenye sauti ya chini, iliyopigwa na mwanajazi Bud Shank. Halafu sauti zote zikarudi kwa pamoja, na mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa benchi.

Baadaye nilisoma jinsi wimbo huo ulivyotengenezwa, na nikaupenda zaidi. Vyombo vyake vilirekodiwa kwa ajili ya mwimbaji mwingine, Barry McGuire, na wanne hawa walikuwa waitikiaji wake tu. Kisha ikaamuliwa wimbo uwe wao. Sauti ya McGuire ikafutwa, Denny akaimba mahali pake. Ukivaa hedifoni na kusikiliza mwanzo wake kwa makini, upande wa kushoto bado utamsikia McGuire kwa mbali, hajafutika vizuri. Yaani wimbo unaobeba jina la kundi hili mpaka leo ulianza kama kazi ya watu wa nyuma.

Studioni, chini ya prodyuza Lou Adler na fundi mitambo Bones Howe, sauti zao zilirekodiwa zaidi ya mara moja na kupangwa safu juu ya safu, ndiyo maana watu wanne wanasikika kama kwaya kamili. Wenyewe walisimulia kwamba, sauti zikikaa sawasawa, walisikia juu yake sauti ya tano ambayo hakuna aliyeiimba. Waliipa jina: Harvey. Aliyewahi kuimba kwaya anaelewa kwamba huo si uchawi. Sauti zikiwa safi na zimepatana, zinazaa mlio mwingine hewani. Sisi tuliupata mara mbili tu katika miaka mitatu, na mara zote mbili tulinyamaza kwanza kabla ya kushangilia.

Sasa mtafute Cass humo ndani. Katika "Dedicated to the One I Love" ya mwaka 1967, Michelle anaanza peke yake, sauti nyembamba, karibu kama ananong'ona. Kisha wenzake wanaingia, na ghafla wimbo una uzito na joto. Sehemu kubwa ya joto hilo ni Cass. Katika "Words of Love" anaongoza yeye, na unamsikia mtu aliyeota maisha ya jukwaa la maigizo: anaubana mstari, anauachia, anakukonyeza bila kukonyeza. Na "Dream a Little Dream of Me", wimbo wa mwaka 1931 alioufufua mwaka 1968, anauimba bila haraka hata kidogo. Hapigi kelele. Hatetemeshi sauti ili tujue kwamba anaweza. Kila neno linamaliza kazi yake kabla lingine halijaanza.

Siku ile mwalimu alirudisha wimbo nyuma mara tatu. "Sauti ya pili, msikilizeni huyu mama. Haimbi kwa kumfukuza mtu. Anakaa pake, wengine wanamwegemea." Kwa mara ya kwanza nilijivunia kuimba sauti ya pili.

Hata hivyo, ukisoma historia ya kundi hili, hata kuingia kwake kumegeuzwa ngano. Hadithi iliyosambazwa inasema John hakumtaka mwanzoni kwa sababu hakuweza kufika sauti za juu, mpaka siku moja mwaka 1965, huko Visiwa vya Virgin, bomba la chuma lilipomwangukia kichwani, na baada ya maumivu kuisha akajikuta anaweza. Watu waliokuwa karibu nao walikuja kusema sababu ya kweli: John hakutaka mwanamke mnene katika kundi lake. Yaani ilionekana heri dunia iamini kwamba bomba linafundisha kuimba, kuliko kukiri kwamba sauti ilikuwepo siku zote na tatizo lilikuwa macho ya mwenye kundi.

Najua macho hayo. Mwaka wa tatu kwaya yetu iliamua kurekodi video. Sare zikashonwa, mpiga picha akaja na vifaa vyake, tukapangwa kwenye ngazi. Mwenyekiti akanifuata, kwa upole kabisa, akaniambia, "Dada, sauti yako tunaihitaji sana. Ila kwenye picha simama kule nyuma ya spika, ili safu zikae vizuri." Ubeti wa pili, unaoanzishwa na mtu mmoja, niliurekodi mimi. Kwenye video, mwenzangu mwembamba anafungua na kufunga mdomo, na sauti inayotoka ni yangu. Mwalimu wetu, yuleyule wa "msikilizeni huyu mama", alikuwa anapanga makaratasi yake. Hakuinua kichwa.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka. Sikuondoka. Nilikwenda nyuma ya spika, na mtu mmoja alipotania kwamba spika imepata kivuli, nilicheka kuliko wote.

Ndiyo maana sipokei utetezi wa kwanza ninaoletewa, kwamba Cass mwenyewe alikuwa anajitania. Ni kweli. Mwaka 1967 kundi lilitoa "Creeque Alley", wimbo unaosimulia walivyokutana, na kiitikio chake kina utani juu ya unene wake. Cass anauimba pamoja na wenzake, na anauimba vizuri. Lakini kicheko cha anayetaniwa si ruhusa. Mara nyingi ni nauli anayolipa ili aruhusiwe kubaki ndani ya gari. Kama utani ule haukumuuma, kwa nini mwaka uliofuata, kabla ya kwenda kuimba peke yake Las Vegas katika ukumbi wa Caesars Palace, alijinyima chakula kwa miezi, akipunguza takribani kilo 45? Mwili ukakataa. Aliugua, akapanda jukwaani sauti ikiwa imechoka, na onyesho likaharibika. Magazeti yalimcheka tena. Alipokuwa mnene walimcheka kwa unene, na alipojaribu kuwaridhisha walimcheka kwa kushindwa.

Kisha kuna hilo jina. Kwetu sisi "Mama" ni heshima. Tunampa mwalimu, tunampa muuza mboga, tunampa hata mtu tusiyemjua ilimradi ana umri. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaposikia "Mama Cass" anaweza kudhani aliheshimiwa. Kwake yeye lilikuwa vazi alilovishwa: mwanamke mkubwa mcheshi, wa kulea wengine, asiyetamaniwa na mtu. Michelle naye alikuwa Mama katika jina la kundi, lakini jina hilo halikumganda kama lilivyomganda Cass. Mwaka 1973 Cass alitoa albamu aliyoiita Don't Call Me Mama Anymore, yaani msiniite Mama tena. Aliomba waziwazi, kwa herufi kubwa, kwenye jalada. Dunia ikaendelea. Mimi humwita Cass.

Utetezi wa pili ni wa wale wanaopenda kuonekana wakweli: sawa, sandwichi ni uongo, lakini si ripoti ya daktari ilihusisha moyo wake na unene? Ilihusisha. Sina ugomvi na daktari. Ugonjwa ni ugonjwa, na mgonjwa huombewa. Waimbaji wengi wa kizazi chake walikufa mapema kwa vitu walivyoingiza miilini mwao, na vifo vyao tunavisimulia kwa huzuni, kwa mashairi, kwa fulana zenye picha zao. Huyu tukamfanya fumbo la kuchekesha. Tofauti haikutoka kwa daktari.

Utetezi wa tatu unatoka kwa wasomi wenzangu. Wao hawamcheki Cass. Wanalidharau kundi zima. Wanasema ni muziki mtamu mno, wa redio, na kwamba aliyetaka ukweli wa miaka ya sitini amsikilize Bob Dylan. Mimi pia namsikiliza Dylan. Ila dharau hii inadhani kwamba ukweli hukaa kwenye sauti ya mtu mmoja mwenye hasira, na kwamba sauti nne zikipatana ni mapambo. Nenda kaimbe sauti ya pili usiku mmoja tu. Ushike njia yako huku wa kulia kwako anaimba kitu kingine na wa kushoto kingine, usiwafuate, usiwazidi, na bado uwasikie wote. Kupatana ni kazi. Watu hawa wanne walikuwa wakisalitiana nje ya studio, kisha wanaingia, wanasimama mbele ya maikrofoni, na kila mmoja anampa mwenzake nafasi. Mimi sioni utamu wa bure hapo.

Tukumbuke pia kumbukumbu zetu zinavyogawanywa. John Phillips alifariki mwaka 2001, akakumbukwa kama fundi wa nyimbo, na ufundi huo simnyimi. Mwaka 2009 binti yake Mackenzie alimtuhumu katika kitabu kwamba alikuwa na uhusiano wa kingono naye. Katika familia wapo waliomwamini na wapo waliopinga. Siandiki hilo ili tuvunje santuri. Naandika kwa sababu, hata baada ya tuhuma nzito kiasi hicho, watu wengi wakimtaja John huanza na nyimbo. Wakimtaja Cass, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kipimo cha gauni lake, huanza na sandwichi.

Na tusijifanye kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, alidhihakiwa kwa asili yake ya kimaskini na kwa sura yake. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tunachojifunza humo ni kwamba Siti alijibu kwa njia anayoijua: aliimba. Leo hii, anayekumbuka tusi analikumbuka kwa sababu ya jibu. Hapo ndipo tulipofanya vizuri kuliko wao. Jamii yetu iliacha wimbo ushinde. Cass naye alijibu, kwa albamu na kwa wiki mbili za London Palladium, lakini waliobaki walitunza tusi wakapoteza jibu.

Tulifanya vizuri wakati ule. Sasa fungua simu yako, tafuta video ya mwimbaji yeyote mnene wa kike hapa kwetu, kisha soma maoni yaliyo chini yake. Uone itachukua maoni mangapi kabla mtu hajataja sauti.

Kuna kipande cha filamu ninachokirudia. Ni Juni 1967, tamasha la Monterey, ambalo John na Lou Adler walikuwa miongoni mwa walioliandaa. Janis Joplin, ambaye bado hajulikani sana, yuko jukwaani anaimba. Kamera inageuka kwa watazamaji na kumkuta Cass ameketi. Mdomo uko wazi. Wimbo unapoisha midomo yake inasema neno moja la mshangao, halisikiki, lakini unalisoma. Ni mwimbaji maarufu anayemsikiliza mwanamke mwingine anayeanza, na usoni mwake hakuna wivu wala kipimo chochote. Hamtazami Janis kama mwili. Anamsikia.

Hicho tu ndicho ninachokidai kwa ajili yake. Sidai sanamu, wala kwamba kila mtu aipende folku ya miaka ya sitini. Nadai tumsikilize kama yeye alivyomsikiliza Janis siku ile.

Video ya kwaya yetu bado ipo mtandaoni. Watu wanaisifia sauti ya ubeti wa pili, na wanamsifia yule dada mwembamba. Sijawahi kuandika chochote chini yake. Lakini rafiki yangu wa daladala atasoma hapa, na namwambia hivi: nikikupa tena upande mmoja wa hedifoni, usiniulize alikula nini. Subiri wimbo uishe.